Vigae vya Foshan na sheria iliyojengwa mara tatu

Swali: "Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mfanyabiashara wa Kariakoo, naagiza vigae na vifaa vya bafuni kutoka Foshan. Safari hii kiwanda kimenitumia mkataba wenye kipengele kinachosema mgogoro wowote utaamuliwa kwa sheria za China. Jirani yangu wa dukani ananicheka, anasema kule hakuna sheria, kuna Chama tu. Mwanangu anayesoma sheria chuoni anasema wana kanuni nzima ya madai yenye vifungu zaidi ya elfu moja, ila na yeye anasema sheria zao zilianza 1979. Nchi kongwe namna ile, sheria zake ziwe changa kuliko mimi? Nani mkweli kati yao, na mimi nisaini au nisisaini?"

Jibu: Dada yangu, jirani yako ana nusu ya ukweli na mwanao ana nusu ya pili, ndiyo maana ubishi wao hauishi. La kusaini nitalijibu mwishoni, na jibu lake si refu. Lakini aliyekuandikia kipengele hicho ni mwanasheria aliyefundishwa ndani ya nyumba ambayo katika miaka mia moja na kitu imejengwa mara tatu na kubomolewa mara mbili. Usipojua ilijengwa kwa ajili ya nini, hutajua ukuta upi uuegemee na upi usiuguse.

Mwanao hakukosea kusema 1979, ila hiyo ni tarehe ya nyumba ya tatu. Sheria zenyewe ni za kale mno. Kanuni ya nasaba ya Tang ni ya mwaka 653, yaani miaka 21 tu baada ya kufariki Mtume Muhammad. Ya mwisho ya kifalme, kanuni ya nasaba ya Qing, ilipata sura yake ya kudumu mwaka 1740, ikiwa na vifungu vikuu 436 na nyongeza zaidi ya elfu moja. Ukiifungua kutafuta habari za vigae, hutapata kitu. Ni kitabu cha adhabu. Mwanzoni kuna majedwali ya matanga yanayoonyesha nani anamwombolezea nani na kwa muda gani, kwa sababu uzito wa kosa ulipimwa kwa ujamaa: mtoto aliyempiga baba yake alistahili kukatwa kichwa, baba aliyempiga mtoto kwa kawaida hakuwa na kesi ya kujibu. Mkuu wa wilaya ndiye aliyekuwa hakimu, ndiye mkusanya kodi, ndiye mwenye askari. Wenye mashauri walipiga magoti mbele yake. Aliyejipatia riziki kwa kuwaandikia wenzake hati za madai alihesabiwa mchochezi na angeweza kuadhibiwa, kwa hiyo uwakili kama kazi ya heshima haukuwepo.

Biashara, je? Hiyo iliachiwa zaidi vyama vya wafanyabiashara, wazee wa ukoo na desturi. Zamani wanahistoria waliamini kwamba mahakama za kifalme hazikugusa kabisa madeni na mipaka ya mashamba. Majalada ya wilaya ya Ba, kule Chongqing, na yale ya kaskazini mwa Taiwan yamewasahihisha: watu wa kawaida walishtakiana kwa mashamba, ndoa na mikopo kila kukicha, ingawa wakubwa waliyaita hayo mambo madogomadogo.

Kilichoziangusha sheria hizi za kale hakikutoka ndani. Baada ya Vita ya Kasumba, ambayo Uingereza iliipiga China, Waingereza mwaka 1843 na Wamarekani mwaka 1844 walijiandikia kwenye mikataba kwamba raia wao akikosa ndani ya China atahukumiwa na watu wake mwenyewe. Pwani yetu iliionja dawa hiyohiyo. Mkataba wa Seyyid Said na Marekani wa 1833 uliwapa makonsuli uwezo wa kuamua mashauri ya raia wao. Lakini China ilinyweshwa kikombe kizima. Mwaka 1865 Waingereza walifungua mahakama kuu yao Shanghai, na 1906 Wamarekani wakafungua ya kwao. Hebu fikiria: Mwingereza anamuua Mchina ndani ya China, na anayeamua ni jaji wa Kiingereza kwa sheria ya Kiingereza. Sababu waliyoitoa ni kwamba sheria za Kichina ni za kikatili. Haikuwa uongo mtupu, maana adhabu ya kumkata mtu vipande akiwa hai ilikuwamo kwenye vitabu. Ila ilikuwa sababu yenye faida nono kwa aliyeitoa.

Mwaka 1902 Uingereza iliahidi kwa maandishi: rekebisheni sheria zenu, nasi tutaondoa mahakama zetu. Mwaka huohuo wakateuliwa wazee wawili wasiofanana hata kidogo. Shen Jiaben alikuwa mtumishi wa Wizara ya Adhabu kwa miongo mingi, mtu aliyezijua sheria za kale kama mganga anavyoijua mizizi. Wu Tingfang alizaliwa Singapore, akawa Mchina wa kwanza kuitwa kwenye uwakili Uingereza, mwaka 1877, akawa balozi Washington. Mwaka 1905 adhabu ya kukata vipande ilifutwa, pamoja na kutundika vichwa hadharani na kuchora chale kwenye uso wa mhalifu. Kisha wakatafuta mfano wa kufuata, wakautazama mmoja tu uliokuwa umefaulu: Japani, iliyoandika kanuni za mtindo wa Ulaya na kufikia 1899 ikawa imewaondolea wageni upendeleo wao.

Hapa ndipo penye jibu la swali ambalo hukuuliza, lakini mwanao ataliuliza: kwa nini China haina mfumo wa Kiingereza kama sisi? Kwa sababu sheria ya Kiingereza haibebeki melini. Inakaa ndani ya maelfu ya hukumu na vichwani mwa majaji. Sisi tuliletewa na aliyetutawala, kwa amri ya 1920, na Sheria yetu ya Mikataba ni mtoto wa sheria ya India ya 1872. China ilikuwa na nafasi ya kuchagua na haraka ya kumaliza, na kanuni ya Kijerumani iliyokwisha kutafsiriwa Kijapani unaweza kuifunga kwenye mzigo kama vigae vyako. Wajapani walikuja wenyewe kufundisha. Okada Asatarō ndiye aliyesaidia kuandika rasimu ya kanuni ya adhabu. Hata maneno yalisafiri. Neno quanli, haki kwa maana ya stahili ya mtu, lilianza kuenea kupitia tafsiri ya Kichina ya kitabu cha sheria za kimataifa mwaka 1864, likavuka bahari hadi Japani, likarudi likiwa limenenepa. Tusiwacheke, sisi wenyewe sheria, haki, hakimu na mahakama tumevipata kwa Waarabu.

Rasimu ya kanuni ya adhabu iliwasha moto ambao mimi huona ni mjadala mtamu kuliko yote katika historia hii. Shen alipendekeza mambo mawili. Mwanamke asiye na mume akilala na mtu kwa hiari yake, hilo ni la wazazi na walimu, lisiwe jinai. Na mtoto anayeshambuliwa na mzazi wake awe na haki ya kujikinga kama mtu mwingine yeyote. Zhang Zhidong, gavana mwenye sauti kubwa, alikuwa miongoni mwa waliompendekeza Shen kwa kazi hiyo. Sasa akageuka mpinzani. Lao Naixuan akaendeleza vita ndani ya baraza la ushauri mwaka 1910. Ukiwasikiliza vizuri, hawakuwa wakibishana juu ya uzinzi. Swali lilikuwa moja: sheria ni ya mtu mmojammoja au ni ya ukoo? Mwisho wakapatana kwa njia ya kibiashara: kanuni mpya ipite, na nyuma yake zibandikwe kanuni tano za muda zinazorudisha sehemu ya yale ya zamani. Ilitangazwa mwanzoni mwa 1911. Oktoba mapinduzi yakaanza, na Februari 1912 mfalme mtoto akaondolewa kwenye kiti.

Jamhuri iliyofuata iliitumia kanuni ileile kwa marekebisho, na baadaye serikali ya Chama cha Kuomintang, ikiwa Nanjing, ikaikamilisha nyumba ya kwanza kwa kile walichokiita Sheria Sita, yaani mkusanyo wa kanuni zao kuu. Kanuni ya madai ilitoka kipande kwa kipande kati ya 1929 na 1931, ikiwa imechota kutoka Ujerumani, Uswisi na Japani. Kwenye karatasi, binti akapata haki ya kurithi sawa na kaka yake. Vijijini wengi hawakupata hata kusikia kwamba karatasi hiyo ipo. Ilikuwa kazi safi ya kitaalamu, na majirani zako wa kibiashara wa Taiwan wanaitumia mpaka leo ikiwa na viraka. Mwaka 1943, katikati ya vita, Uingereza na Marekani hatimaye ziliachia mahakama zao. Zilifanya hivyo kwa kumhitaji mshirika dhidi ya Japani. Miaka arobaini ya kuandika sheria ili kumridhisha mgeni, na mgeni akaondoka kwa sababu nyingine kabisa.

Nyumba hiyo ilibomolewa kwa waraka mmoja. Februari 1949, Jamhuri ya Watu ikiwa bado haijatangazwa, Chama cha Kikomunisti kiliagiza Sheria Sita zifutwe zote, hata zile nzuri, kwa hoja kwamba sheria ni ya tabaka linalotawala na tabaka limebadilika. Mahakimu wa zamani waliondolewa katika kampeni ya 1952 na 1953. Badala yake Chama kilikuwa na uzoefu wake wa porini. Mwaka 1943 msichana mmoja wa Huachi, mkoa wa Gansu, aliahidiwa na baba yake kwa mwenye fedha zaidi ilhali amekwisha kuchumbiwa na kijana anayempenda. Upande wa kijana ukamteka usiku. Mahakama ya wilaya ikaifuta ndoa yake na kijana huyo. Msichana akatembea kwa miguu kwenda kumlalamikia mkuu wa eneo, Ma Xiwu, ambaye pia alikuwa jaji. Ma alikwenda kijijini, akawauliza majirani, akamuuliza msichana faragha, kisha akasikiliza shauri mbele ya watu wote: walioteka wakaadhibiwa, na ndoa ikathibitishwa kwa sababu wenyewe wanatakana. Mtindo huo wa jaji kuifuata kesi ilipo, kupatanisha kwanza na kuhukumu baadaye, umebaki kwenye damu ya mahakama zao. Siku ukimshtaki mwenye kiwanda, usishangae jaji akikuita mara mbili tatu akikusihi mkubaliane.

Sheria kubwa ya kwanza ya utawala mpya ilikuwa ya ndoa, Mei 1950: hakuna kuoza mtoto, hakuna suria, hakuna kumlazimisha mtu. Mwaka 1954 ikaja Katiba ya mtindo wa Kisovieti, na waendesha mashtaka wenye mamlaka makubwa kama wa Moscow. Nyumba ya pili ilianza kusimama, ila haikupata paa. Mwaka 1957 wanasheria waliosema kwamba jaji awe huru waliitwa wafuasi wa mrengo wa kulia. Mwaka uliofuata, mkutanoni Beidaihe, Mao Zedong, kiongozi wa Chama, alieleza kwamba maazimio ya mikutano yao ndiyo sheria. Wizara ya Sheria ikafungwa 1959. Rasimu ya 33 ya kanuni ya adhabu ilikuwa tayari mwaka 1963, ikawekwa kabatini. Nchi kubwa kuliko zote kwa watu iliishi miaka thelathini bila kanuni ya adhabu, watu wakifungwa kwa sera na kwa maagizo. Halafu yakaja Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao ya kuwasafisha aliowaona wapinzani, na hapo hata mwenye nchi hakupona: Liu Shaoqi, aliyekuwa mkuu wa dola, alikufa kizuizini Kaifeng mwaka 1969 bila kufikishwa mbele ya mahakama yoyote.

Nalikazia hili kwa sababu ndilo lililozaa 1979. Waliorudi madarakani baada ya kifo cha Mao walikuwa wamepigwa na kufungwa wao wenyewe. Deng Xiaoping, kinara wao, alisema Desemba 1978 kwamba mambo lazima yaandikwe yawe sheria, ili yasibadilike kila kiongozi anapobadilika au anapobadili mawazo. Aliyepewa kazi ya kuandika alikuwa Peng Zhen, meya wa zamani wa Beijing, aliyeangushwa 1966 na kukaa gerezani miaka mingi. Alitunga kwa kasi ya mtu anayejua mlango unaweza kufungwa tena. Tarehe 1 Julai 1979 zilipita sheria saba kwa mpigo, pamoja na kanuni ya adhabu, mwenendo wa jinai, na sheria ya kampuni za ubia na wageni. Hiyo ya ubia ilikuwa na vifungu 15 tu. Wawekezaji waliisoma wakauliza mengine yako wapi. Mengine yalikuwa bado hayajulikani.

Na hapo unaiona mbinu yao, ambayo ni tofauti kabisa na ya Shen Jiaben. Mwishoni mwa mwaka uleule wa hotuba ya Deng, wakulima 18 wa kijiji cha Xiaogang, mkoa wa Anhui, walikutana usiku wakaandika karatasi ya siri. Kila kaya ilime kipande chake, itoe fungu la serikali, kitakachobaki ni chake. Na viongozi wao wakifungwa au wakiuawa kwa ajili ya jambo hili, waliobaki wawalee watoto wao hadi wafike miaka 18. Wakatia dole gumba. Huo ni mkataba, dada, tena wenye kipengele cha dhamana kizito kuliko chochote nilichopata kukiona, na ulikuwa haramu. Viongozi wa mkoa walitazama mavuno wakanyamaza, kisha wakaruhusu, kisha nchi nzima ikafuata. Sheria kamili ya ukodishaji wa mashamba vijijini ilipitishwa mwaka 2002. Jambo hufanywa kwanza, huvumiliwa, hujaribiwa mahali pamoja, halafu ndipo linaandikwa.

Upande wa mikataba ulikwenda hivyohivyo. Walikuwa na sheria moja ya mikataba ya wenyewe kwa wenyewe ya 1981, nyingine ya mikataba na wageni ya 1985, nyingine ya teknolojia ya 1987, mpaka 1999 zote tatu zikaunganishwa. Kabla ya hapo, 1986, ilipitishwa misingi ya jumla ya sheria ya madai, kitabu chembamba kilichobeba uchumi mzima kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 2001 China iliingia Shirika la Biashara Duniani, na lundo la kanuni za zamani likafutwa au kuandikwa upya. Sheria ya umiliki wa mali ilikwama baada ya profesa mmoja mwaka 2005 kuandika barua ya wazi akisema inausaliti ujamaa kwa kuilinda mali ya tajiri sawa na ya umma, ikapita 2007. Na tarehe 28 Mei 2020 likatoka lile dude la mwanao, Kanuni ya Madai, vifungu 1,260, likaanza kutumika 1 Januari 2021. Walikuwa wamelijaribu mara kadhaa tangu miaka ya 1950 wakashindwa. Kwa sura ni la Kijerumani, lakini lina kitabu kizima cha heshima na faragha ya mtu, jambo ambalo Wajerumani hawana, na kifungu kinachowataka wanandoa wanaoomba talaka kwa makubaliano wasubiri siku 30 kwanza. Hicho ndicho kilichowakasirisha vijana wa kule kuliko vingine vyote.

Wenye kuzitumia sheria nao walibadilika. Mpaka karibu 2000 majaji walivaa sare zenye alama mabegani kama askari, na wengi walikuwa kweli wanajeshi waliostaafu. Profesa He Weifang aliuliza mwaka 1998: mbona hatuwapeleki wanajeshi wastaafu hospitali wakawe madaktari? Wakamkasirikia, lakini joho likaja, na mwaka 2002 ukaanza mtihani mmoja wa taifa kwa majaji, waendesha mashtaka na mawakili. Mawakili waliokuwa wa kuhesabika kwa mamia 1979 leo ni zaidi ya 600,000.

Sasa zamu ya jirani yako. Kichina kina maneno mawili yanayotamkwa sawasawa, fazhi na fazhi. La kwanza ni mfumo wa sheria, na herufi yake ya pili ina alama ya kisu. La pili ni kutawala kwa njia ya sheria, na herufi yake ina alama ya maji. Wasomi walibishana miaka ishirini ni lipi liandikwe, hata wakawa wanaulizana: ya kisu au ya maji? Ya maji ikashinda, ikaingia kwenye Katiba mwaka 1999. Lakini Kiswahili kinatuonyesha kilichojificha ndani ya neno hilo, maana sisi tunaweza kusema utawala wa sheria, na tunaweza kusema utawala kwa sheria. Tofauti ni herufi moja. Kwenye wa, mkubwa naye yuko chini ya sheria. Kwenye kwa, sheria ni chombo mkononi mwa mkubwa. Kwa maoni yangu China imejenga utawala kwa sheria ulio imara kuliko wanavyodhani wanaoidharau, na hilo la wa haijalifikia, wala viongozi wake hawasemi kwamba wanalitafuta kwa maana yetu. Tangu 2018 uongozi wa Chama umeandikwa ndani ya kifungu cha kwanza cha Katiba. Kila ngazi ina kamati ya Chama ya siasa na sheria inayosimamia polisi, waendesha mashtaka na mahakama. Januari 2017 rais wa Mahakama Kuu ya Umma, Zhou Qiang, aliwaonya majaji hadharani waikatae dhana ya Magharibi ya uhuru wa mahakama.

Chukua mfano wa 2003. Kijana msomi wa miaka 27 alikamatwa Guangzhou kwa kukosa kibali cha kuishi mjini, akafia kizuizini kwa kipigo. Wasomi watatu waliliandikia Bunge wakiliomba lipime kama kanuni za kuwakamata wahamiaji zinapatana na Katiba. Kanuni zilifutwa kabla mwezi Juni haujaisha, na watu wakashangilia. Lakini angalia ni nani aliyezifuta: serikali yenyewe iliyozitunga. Hakuna mahakama wala bunge lililotamka kwamba zilivunja Katiba, na kwa hiyo hakuna mlango uliobaki wazi kwa kesi inayofuata. Kuna msichana aliyeibiwa nafasi ya masomo na mwenzake aliyetumia jina lake. Mwaka 2001 Mahakama Kuu ilisema haki yake ya elimu iliyomo kwenye Katiba imevunjwa, na mwaka 2008 tamko hilo likaondolewa kimyakimya. Mkulima anaweza kuishtaki serikali ya wilaya tangu sheria ya 1989, na wapo wanaoshinda. Mshtakiwa wa jinai hali yake ni nyingine: zaidi ya asilimia 99 hutiwa hatiani. Mawakili waliozichukua kesi za kisiasa, pamoja na wasaidizi wao na wanaharakati, Julai 2015 walikamatwa au kuhojiwa wao kwa mamia. Kwa hiyo mtu akimwambia jirani yako kwamba Chama hakipo mahakamani, amcheke.

Ila mgogoro wa vigae si wa kisiasa. Chama kinataka makontena yasafiri, na kimejenga mahakama za kuyasafirisha. Hofu ya kweli kwako ni ndogo zaidi na ya zamani zaidi: mahakama ya mji kukipendelea kiwanda cha mji, kwa sababu kiwanda kinalipa kodi na kuajiri. Beijing inalijua tatizo hilo na imelipunguza, miongoni mwa njia ikiwa ni kuweka matawi ya Mahakama Kuu mikoani, la kwanza Shenzhen mwaka 2015. Halijaisha.

Kwa hiyo saini, ila si mkataba huo kama ulivyo. Sheria ya China kama sheria ya mkataba ikubali. Kwa mauzo ya bidhaa haina ubaya. La kutoliacha wazi ni mahali pa kuamuliwa mgogoro. Hukumu ya mahakama ya Dar es Salaam usitegemee kuipeleka Foshan ikakazwe. Tuzo ya usuluhishi ni jambo jingine: Tanzania imo kwenye Mkataba wa New York tangu 1964 na China tangu 1987, na nchi zote mbili zinawajibika kuitambua. Omba mgogoro upelekwe kwa wasuluhishi, iwe CIETAC, tume ya usuluhishi wa biashara ya Beijing iliyoanzishwa 1956, au kituo cha Hong Kong kama kiwanda kitakubali; Hong Kong bado inafuata mfumo wa Kiingereza na utaelewana nao kwa urahisi. Andika lugha ya shauri, la sivyo CIETAC kwa kawaida itakuwa Kichina, na gharama ya mkalimani ni yako.

Kisha hesabu siku. Kanuni ya Madai inakutaka umjulishe muuzaji kasoro ndani ya muda unaofaa baada ya kupokea mzigo, na miaka miwili ikipita tangu upokee hujasema neno, mzigo unahesabiwa ni mzima, isipokuwa mmeandikiana dhamana ya muda mwingine. Nawajua wafanyabiashara wetu: kontena linafunguliwa mwezi wa pili, maboksi yaliyovunjika yanawekwa pembeni, na malalamiko yanatumwa siku ya kuagiza tena. Piga picha siku ya kufungua, tuma siku hiyohiyo kwa maandishi. Kufungua shauri lenyewe, kwa mauzo ya kimataifa una miaka minne tangu ulipojua au ulipopaswa kujua kwamba haki yako imevunjwa.

Na mdaiwa akigoma kulipa baada ya kushindwa, wana dawa ambayo sisi hatuna. Tangu 2013 jina lake linaweza kuingizwa kwenye orodha ya wazi ya wadaiwa sugu, na aliyemo humo anakataliwa tiketi ya ndege na ya treni ya mwendo kasi. Mwenye kiwanda anayepaswa kwenda Shanghai kila wiki hulipa haraka.

Limebaki moja, na ndilo linalowaponza wengi. Kule usiitegemee sahihi ya mtu peke yake. Kampuni husema kwa muhuri wake mwekundu wa mviringo. Jina la Kichina lililo ndani ya muhuri lazima lifanane herufi kwa herufi na jina lililo kwenye leseni ya biashara, na leseni hiyo ina namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 18. Jina la Kiingereza lililo juu ya mkataba wako si jina rasmi la kampuni kisheria. Wanaweza kulibadilisha kesho asubuhi. Mwambie muuzaji akutumie picha ya leseni, na ukishaipata nitumie hiyo pamoja na ukurasa wa mwisho wa nakala ya Kichina, ule wenye muhuri.